Kumi na Saba ya Mtoto si Kumi na Saba ya Mama Yake

Maneno ya jioni hii yalianza barazani kwangu hapa Tanga, alasiri moja nilipokuwa nikingoja dele la kahawa lichemke, akaingia binti wa dada yangu, uso umemsawajika kama wa mtu aliyepokea habari ya msiba. Alinipa shikamoo kwa haraka, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba alikwisha kunitia simu mkononi, akasema, "Mjomba, hebu tazama mwenyewe. Mwanangu ana utapiamlo, nami mama yake sina habari." Mwana huyo ni msichana aliyekuwa ametimiza miaka 10 mwezi ule ule, na wakati mama yake anamlilia barazani, yeye alikuwa uani akiruka kamba na wenziwe na kuimba kwa sauti iliyokuwa ikitufikia sote. Mama alikuwa amempima uzito kwenye mizani ya duka la dawa, akampima urefu kwa utepe wa fundi cherehani, akazitia namba mbili hizo katika hisabu ya simuni, na simu ikamjibu 17. Kisha chini ya namba hiyo, kwa maandishi mekundu, ikamwambia kuwa mtu huyu ana uzito pungufu. Tangu siku ile mtoto alikuwa akinyweshwa maziwa yaliyotiwa samli asubuhi na jioni, na kila akikataa chakula akibembelezwa kwa halua.

Mimi si tabibu. Nilifundisha hisabu kwa miaka mingi, na kazi ile iliniachia tabia moja ambayo wanangu huiona kuwa ni ya kuchosha, nayo ni kuiuliza kila namba imetoka wapi na imepimwa kwa kulinganishwa na nini, kabla sijaipa heshima yoyote. Basi niliikalisha namba ile 17 barazani, nikaanza kuihoji.

Hisabu yenyewe ni nyepesi, na aliyemaliza shule ya msingi huiweza. Hutwaliwa uzito wa mtu kwa kilo, ukagawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa nafsi yake. Msichana wetu alikuwa na kilo 31 na nusu na urefu wa mita 1.36, sasa 1.36 mara 1.36 ni 1.85, na 31.5 ikigawanywa kwa 1.85 hutoka 17. Matabibu wetu hukiita kipimo hiki uwiano wa uzito na urefu, na wengi hukitaja kwa herufi zake za kigeni, BMI. Katika kugawanya, simu haikufanya kosa. Ghalati yake ilikuwa katika kuhukumu, kwa kuwa haikumwuliza yule mama neno lolote juu ya umri wa aliyepimwa, ikamdhania kuwa ni mtu mzima, na kwa mtu mzima kila kilicho chini ya 18.5 huhesabiwa kuwa ni wembamba wa kutiliwa shaka, ilhali kuanzia 25 huhesabiwa uzito uliozidi, na kuanzia 30 huhesabiwa unene uliokithiri. Lakini kwa mujibu wa majedwali ya Shirika la Afya Duniani, msichana wa miaka 10 mstari wake wa katikati unapita kwenye 16.6. Maana yake, ukiwapanga safu wasichana 100 wa umri huo, kuanzia mwembamba kabisa mpaka mnene kabisa, wale walio katikati ya safu watakuwa na kiasi cha 16.6. Mjukuu wangu mwenye 17 alikuwa amesimama hatua chache tu mbele ya katikati, salama salimini, na mama yake alikuwa akimsukuma kwa samli atoke mahali pale pale alipostahili kuwa.

Asili ya kipimo hiki haiko hospitalini. Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyezaliwa katika mji wa Ghent mwaka 1796, alikuwa mwanafalaki aliyesimamia jumba la kutazamia nyota mjini Brussels, na kwa kuwa alikwisha kuzoea kuzitafutia nyota kanuni zake, akaona si vibaya kuwatafutia wanadamu kanuni zao pia. Katika kitabu chake cha mwaka 1835 alieleza kuwa miongoni mwa watu wazima uzito hupanda, kwa kukadiria, kwa kiasi cha urefu uliozidishwa kwa nafsi yake. Hakuwa na nia ya kumwambia mtu yeyote kuwa ni mnene au mwembamba. Alimtafuta mtu wa wastani, mtu ambaye labda hajapata kuzaliwa. Na jambo ninalolipenda zaidi katika habari zake ni kuwa yeye mwenyewe aliona dhahiri kwamba mtoto anayekua hafuati kanuni ile ya watu wazima, bali ana kanuni yake. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1972, Mmarekani Ancel Keys na wenziwe walikifufua kipimo hicho, wakakilinganisha na vipimo vingine na kukipa jina linalotumika mpaka leo. Nao walikijaribu kwa wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano. Wanaume, wasikilizaji, na watu wazima. Hapakuwa na mtoto hata mmoja ndani ya hisabu ile, wala mama wa mtoto.

Ili mpate kuona jinsi umri unavyoigeuza namba, twaeni 19 mwazungushie wavulana watatu wa nyumba moja. Kitinda mimba ana miaka 5. Kwa umri wake mstari wa katikati uko penye 15.3, na mpaka wa unene uliokithiri uko penye 18.3, kwa hiyo 19 kwake ni jambo la kumpeleka kwa tabibu bila ya kungoja. Wa kati ana miaka 10. Yeye kwa 19 ameuvuka mpaka wa uzito uliozidi, ambao kwake ni 18.5, lakini bado yuko mbali na 21.4 unapoanza unene uliokithiri, basi atazamwe, asitishwe. Mkubwa wao ana miaka 15, na mstari wake wa katikati ni 19.8, kwa hiyo 19 kwake haina neno lolote. Na baba yao akipimwa akakutwa na 19, ataambiwa kuwa yuko sawa, ila asipungue zaidi. Namba ni ile ile, nyumba ni ile ile, na sahani pengine ni ile ile. Hukumu ni nne. Na wangalikuwa wasichana, mipaka ingalikuwa mingine tena, kwani mwili wa kike na wa kiume haiwekwi katika jedwali moja.

Sababu yake iko katika maumbile yenyewe. Mtoto mchanga anaponyonya vizuri hujaa haraka, mashavu yakawa kama maandazi na mapaja yakawa na mikunjo, na uwiano wake wa uzito na urefu hupanda katika miezi ya mwanzo ya uhai wake. Kisha, anaposimama na kukimbia, urefu hutangulia na unene hubaki nyuma, uwiano ukashuka kidogo kidogo mpaka afikapo miaka mitano au sita, ndipo unapogeuka na kuanza kupanda tena, na kupanda huko huendelea mpaka utu uzima. Kile kijibonde kilicho kati ya kushuka na kupanda kimeleta ugomvi mwingi kati ya bibi na wake wa wanawe. Bibi hutoka shamba baada ya mwaka mzima, akamkuta mjukuu aliyemwacha ameviringana kama boga sasa ana miguu ya korongo na mbavu zinazohesabika akivua shati, na neno la kwanza mdomoni mwake ni kuwa mtoto amekonda, na la pili, ambalo halisemi kwa sauti lakini mkwe hulisikia, ni kuwa mama hamlishi. Aghalabu mtoto hana kasoro. Yuko ndani ya kile kijibonde, kama alivyopita baba yake. La kuangaliwa hapo ni kinyume chake: mtoto ambaye hakupungua kabisa, au aliyeanza kupanda tena akiwa na miaka mitatu tu, na jirani wakamsifu kuwa amenawiri, huyo wataalamu wamegundua kuwa ana hatari kubwa zaidi ya kuwa mnene atakapokuwa mkubwa.

Mtauliza, na ni haki yenu kuuliza, mistari hii imechorwa kwa kuwatazama watoto wa nani. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano jibu ni la kuridhisha. Baina ya mwaka 1997 na 2003 walipimwa watoto wapatao 8,500 katika miji ya nchi sita, nayo ni Pelotas wa Brazili, Accra wa Ghana, Delhi wa India, Oslo wa Norwe, Davis wa California, na Maskati wa Omani, mji ambao wasikilizaji wangu wengi wana jamaa zao huko wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa maziwa ya mama, ambao mama zao hawakuvuta sigara, na ambao umaskini haukuwanyima makuzi. Na ikaonekana kuwa mtoto akipata haki yake ya chakula na afya, wa Maskati, wa Accra na wa Oslo hukua kwa mwendo unaokaribiana sana. Majedwali yao yalitolewa mwaka 2006. Ama kwa wenye miaka 5 hadi 19, majedwali yaliyotolewa mwaka 2007 yalijengwa kwa kuvirekebisha vipimo vya zamani vya watoto wa Marekani, vikaunganishwa kwa ustadi na vile vya watoto wadogo, na yakapangwa ili kijana afikapo miaka 19 mistari yake ikutane takriban na ile 25 na 30 ya watu wazima. Kwa hiyo mimi huyaheshimu majedwali haya, lakini kwa vijana wetu huyaheshimu kama mtu anavyomheshimu mgeni msomi: husikilizwa kwa makini, wala haachiwi kuamua mambo ya nyumba peke yake.

Nikifika kwa vijana hao sina budi kusema kwa upole, kwa sababu hapo ndipo namba inapoumiza zaidi. Msichana anapokaribia kuvunja ungo mwili wake huweka mafuta katika nyonga na kifua, na kufanya hivyo si taksiri yake wala ya mpishi, ni matayarisho ya maumbile. Mvulana anapobalehe huongeza misuli na mifupa, naye kwa kawaida huanza kurefuka kwa kasi kiasi cha miaka miwili baada ya msichana wa umri wake. Darasa moja la wenye miaka 12 lina mabinti waliokwisha kuwa wanawali, na mabinti wengine ambao bado ni watoto kabisa, na wote hao jedwali huwaita kwa umri mmoja. Mwenye kubalehe mapema ataonekana mzito kuliko wenziwe kwa muda, kisha wenziwe wamfikie. Katika muda huo mfupi atakuwa amekwisha kuitwa bonge na wana wa mjomba wake, na yule mwembamba atakuwa amekwisha kuitwa kimbaumbau, na majina hayo hukaa moyoni kuliko kilo zinavyokaa mwilini. Nimewaona wasichana wanaoacha chakula cha mchana kwa neno la shangazi lililosemwa kwa mzaha harusini. Mtoto anayekua hapewi njaa kuwa dawa. Hata yule aliyezidi uzito, aghalabu tabibu hatamtaka apungue, atataka uzito wake utulie mahali ulipo wakati urefu unapoufuata na kuupita.

Sasa niseme yale ambayo namba hii haiyajui. Haijui nyama na mafuta, kwa sababu mizani haitofautishi kilo ya misuli na kilo ya shahamu. Kijana anayevuta nyavu na baba yake kila alfajiri anaweza kuonekana amezidi, kumbe ameshiba kazi. Haijui mafuta yamekaa wapi, na yaliyokaa tumboni ndiyo yenye shari kubwa zaidi. Na haijui udumavu, jambo ambalo kwetu ni zito mno. Utafiti wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Mtoto aliyedumaa, kwa kuwa ni mfupi, anaweza kutoa uwiano mzuri wa kupendeza, kilo zake chache zikalingana sawasawa na sentimita zake chache, na mwenye kuitazama namba peke yake akasema alhamdulillahi, ilhali mtoto amekwisha kudhulumiwa. Ndiyo sababu nesi mwenye ujuzi hutazama mistari miwili pamoja, wa urefu kwa umri na wa uwiano kwa umri, wala haridhiki na mmoja.

Wala jambo hili msilidhani kuwa ni la Wazungu na mikate yao. Mwaka 2022, kwa hisabu ya Shirika la Afya Duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 zaidi ya milioni 390 walikuwa na uzito uliozidi, na katika hao milioni 160 walikuwa na unene uliokithiri. Nami sihitaji kwenda mbali kutafuta sababu. Penye lango la shule niliyofundisha, pale palipokuwa na mama muuza machungwa na madafu, leo pana meza tatu za soda na vibanzi vya viazi, na njia waliyokuwa watoto wakiikata kwa miguu wanaikata kwa bajaji.

Zipo alama ambazo jicho la mzazi huziona kabla ya mizani, na moja huniuma kila nikiikumbuka, kwa kuwa inawaletea watoto adhabu wasiyostahili. Ni weusi mzito unaofanana na mahameli, unaotanda nyuma ya shingo na makwapani mwa baadhi ya watoto waliozidi uzito. Mama huudhania kuwa ni nongo, akamkalisha mtoto juu ya kibao akamsugua kwa dodoki mpaka ngozi ikawaka, na weusi hautoki, kwa sababu si uchafu: mara nyingi ni dalili kuwa mwili umeanza kushindwa kuitumia sawasawa insulini, na mtoto huyo apelekwe akapimwe sukari. Kukoroma sana usiku na kuamka amechoka nako kusipuuzwe. Na kwa upande wa pili, mtoto anayepungua ghafla huku akiwa na kiu isiyokatika na kukojoa mara kwa mara, huyo asingojewe hata siku mbili; na anayepungua pole pole huku akikohoa na kutoka jasho la usiku, achunguzwe kifua kikuu.

Turudi kwenye utepe wa fundi cherehani. Nilimwuliza binti wa dada yangu alimpimaje, akanijibu kuwa alimpima kama apimavyo vazi, mtoto amesimama katikati ya chumba. Nikamwambia amwite. Tulimvua viatu, tukamfungua nywele zilizofungwa fundo utosini, tukamsimamisha ukutani, visigino, makalio na mabega vikiugusa ukuta, macho yakitazama mbele, tukaweka kitabu kigumu kichwani na kutia alama ya penseli. Safari hii utepe ulikuwa umesema kweli, lakini si kila siku husema. Lau angalipimwa na viatu vyenye soli ya sentimita 3, ile 17 ingalishuka ikawa 16.3, na mama angalizidisha samli. Mizani nayo iwekwe juu ya sakafu ngumu, si juu ya zulia, na safari zote iwe ni mizani moja.

Kisha nikamwuliza kadi ya kliniki iko wapi. Ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Kila mama wa nchi hii aliyezaa katika miaka hii anaijua kadi ile: kila mwezi hubeba mtoto, humning'iniza kwenye mizani, nesi huweka nukta, nukta huunganishwa, na mstari unaopanda humfurahisha mama kuliko sifa za jirani. Nukta moja peke yake haisemi mengi. Mstari ndio usemao, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa mwembamba akaufuata mstari wake wa wembamba miaka yote hana neno, na yule aliyekuwa katikati akakata mistari miwili kwenda juu au kwenda chini katika mwaka mmoja ana neno hata kama bado yuko ndani ya mipaka. Lakini mtoto akifika miaka mitano kadi hufungwa kashani pamoja na vyeti vya ubatizo na hati za kiwanja, na tangu hapo mpaka atakapokuwa mtu mzima hakuna anayeweka nukta. Miaka 14 ya kukua, ndani yake mna kile kijibonde na mna kubalehe, hupita bila ya kuandikwa. Nimewasihi walimu wakuu wawili ninaofahamiana nao wapime wanafunzi kila muhula, faraghani, bila ya kutangaza namba darasani, na waziandike. Mmoja amekubali.

Binti wa dada yangu aliitoa kadi chini ya khanga zake, karatasi imeanza kuwa ya manjano. Nyuma yake palikuwa na nafasi tupu; tukachora jedwali kwa rula, tukaandika tarehe, kilo 31.5, sentimita 136, uwiano 17.0. Samli ikarudi kabatini. Miezi sita baadaye walikuja tena kunisalimu, na mtoto mwenyewe ndiye aliyeniletea penseli: sentimita 139, kilo 33, uwiano 17.1.